Mvua Ndani ya Kijaluba

Uligeuza uso. Usiangalie nyuma kutafuta nani anasemwa, nakusema wewe. Siku maji yalipouzoa mtaa wa Kibwe ulikuwa huko juu mteremkoni, ukaona, ukageuka. Jioni kioo chako cha ukutani kikakuambia kwamba ilikuwa mvua kubwa ambayo haijapata kutokea, nawe ukasema, "Kazi ya Mungu," ukaongeza sukari kwenye chai. Jua lilikuwa linawaka siku ile. Liliwaka mpaka midomo ikapasuka. Ulilijua hilo kwa ngozi yako mwenyewe, lakini ukakubali kuambiwa.

Basi sikiliza kilichotokea kwenye nyumba ya msiba, maana huko nako hukufika.

Juu ya kabati la vyombo, katika nyumba ya Semeni Kobelo, palikuwa na kisanduku kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Taa yake ya kijani ilikuwa ikipepesa. Ubavuni kilikuwa na matundu, na karibu kila tundu lilikuwa limechomekwa flashi. Watu wa Kibwe walikiita kijaluba, kwa sababu kilifanana na vile vikopo ambavyo bibi zao walitunzia tumbaku. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza: ukichomeka flashi yako pale, kila nyumba ya mtaa iliyounganishwa kwa waya inaona kilichomo, nawe unaona cha wenzako. Basi. Hakikuuliza jina lako. Hakikupeleka kitu chako kwa mtu mwingine kwanza.

Utauliza ajabu iko wapi. Ajabu ni kwamba katika Morogoro ya wakati ule, jiji la mabehewa yanayoning'inia angani mpaka vijiji vya Uluguru, jiji ambalo vibarua vya chuma vilifagia barabara na kukata nyasi, hapakuwa na kitu kingine chenye kumbukumbu yake chenyewe, isipokuwa vitu vichache vya kale. Simu, vioo vya ukutani, miwani ya watoto, vyote vilikuwa vitupu ndani kama ngoma. Kila picha uliyopiga ilikwenda kukaa Ghala Kuu, kwenye zile kumbi zisizo na madirisha upande wa mashariki. Ukitaka kusikia sauti ya mama yako aliyefariki, uliliomba Ghala likuletee.

Nakumbuka wenye Ghala walivyotuzoesha. Kwanza waliziba matundu ya simu, wakasema yanaingiza vumbi. Kisha wakaondoa flashi madukani, wakasema zinaambukiza mitambo maradhi. Tukawapigia makofi, kwa kuwa Ghala lilikuwa la bure na flashi zilikuwa zinapotea kwenye mifuko ya suruali.

Ndani ya Ghala ilikaa akili ya mashine iliyoitwa Nadhifu. Kazi yake ilikuwa kusafisha. Umerekodi harusi na upepo unavuma kwenye maiki, Nadhifu anauondoa upepo. Bwana harusi amefumba macho, Nadhifu anayafumbua. Watu walipenda. Baadaye akaongezewa kazi ambayo haikutangazwa: picha mbili zikipingana, azipatanishe. Na kwa kuwa taarifa rasmi ya mafuriko ilisema mvua, kila picha ya siku ile iliyokuwa Ghalani ikaanza kunyesha. Watu wa Kibwe walifungua video zao wenyewe, walizozipiga kwa mikono yao, wakayaona matone yakiwadondokea mabegani. Watoto ndio waliokubali kwanza. Kisha watu wazima wakaanza kusema, "Labda ilinyesha kidogo, sisi tulikuwa tumechanganyikiwa."

Semeni hakukubali. Alikuwa mhandisi wa mitambo, mwanamke mrefu wa maneno machache, na kijaluba alikiunda mwenyewe kwa vipuri vya kale. Msiba ulikuwa wa mdogo wake, Mkude, aliyekuwa mlinzi wa malango ya bwawa lililo juu ya Kibwe. Mkude alipenda vitu vya zamani kama dada yake. Kofia yake ya kazi ilikuwa na jicho la kamera lililoandika kila kitu kwenye flashi. Mwili wake ulipopatikana kwenye tope, flashi ilikuwa bado imo kofiani. Haikuwahi kuligusa Ghala.

Ndani yake kulikuwa na anga tupu na jua. Kulikuwa na sauti ya Mratibu, mashine ya Ghala iliyoendesha malango: "Ukuta wa mashariki umeingia ufa. Fungua lango la Kibwe. Linda Ghala."

Kisha sauti ya Mkude: "Kibwe kuna watu."

"Fungua."

"Nimesema kuna watu!"

Kisha lango likajifungua lenyewe, na Mkude akaonekana mikono tu, ameng'ang'ania gurudumu la chuma alirudishe.

Asubuhi baada ya kuanua tanga Baraza la Uchunguzi lingekaa. Likiamua kwamba ilikuwa mvua, Kibwe ingehesabiwa bonde la hatari, nyumba zilizobaki zingebomolewa na Ghala lingejenga kumbi mpya juu yake. Likiamua kwamba lango lilifunguliwa, mtaa ungebaki, na wafu wake wangekuwa na mtu wa kuwajibika kwao. Flashi ile ndiyo iliyobeba yote mawili. Kwa hiyo Semeni alipanga kwamba siku ya kuanua tanga, kila jirani aje na flashi aliyoficha nyumbani, na rekodi ya Mkude inakiliwe kwenye zote. Wakitaka kuifuta, wazunguke mlango kwa mlango.

Mchana ule, baada ya wali kuliwa, rekodi ilikuwa ikionyeshwa kwenye kioo cha ukutani, ambacho Semeni alikuwa amekikata na Ghala, na wakati huohuo ikinakiliwa. Mama Chande, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikaa mbele kabisa mkekani. Mwanawe Chande alichukuliwa na maji. Flashi yake nayo ilikuwa kwenye kijaluba. Ndani mlikuwa na mtoto huyo, asubuhi ya siku ileile, akikimbiza kuku uani na kucheka mpaka akapaliwa.

Ndipo mlango ukapigwa teke.

"Nani kafa hapa? Mbona mnakula kabla sijafika?"

Aliingia mwanamke mnene aliyejipaka majivu usoni, amevaa koti la mvua kinyume na buti za kiume. Watu walishtuka, kisha mmoja akacheka. "Mtani huyo! Nyamizi, Mnyamwezi yule aliyesoma na marehemu."

Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na mtani akija msibani hana mipaka. Atamwiga marehemu, atalala kitandani kwake, atawatukana wafiwa, atakamata chombo chochote na kukaa nacho mpaka aletewe kuku. Hairuhusiwi kumkasirikia. Hairuhusiwi kumnyima. Mashine zimekuja na zimekwenda, jambo hilo halijaguswa.

"Shemeji zangu wa mlimani," akasema Nyamizi akipita kati ya watu kwa mwendo wa kuyumba, "mmezoea mteremko, mkifika tambarare mnatembea kama mmelewa! Na huyu Mkude wenu, hajui hata kuogelea kwenye beseni, mkampa bwawa! Mngempa mbuzi mmoja achunge. Na mbuzi angemshinda."

Mama Chande, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakamtikisika.

"Nyie nanyi," akajibu, "mlibeba mizigo ya watu mpaka shingo zikazama mabegani. Hebu tuione hiyo yako, iko wapi?"

"Imezama, mama, na leo nabeba hiki." Nyamizi akakinyakua kijaluba juu ya kabati, waya zikamfuata kama mikia. "Nimekamata! Sikitoi mpaka jogoo. Jogoo wa nyama, siyo vile vifaranga vya plastiki vinavyowika kwa betri."

Watu wakapiga vigelegele. Semeni akatabasamu, akainua mkono. "Sawa, shemeji, jogoo utapata. Kiweke chini kwanza, kuna kazi inaendelea."

"Kazi! Kafa mtu, yeye yuko kazini!" Nyamizi akaingiza mkono kifuani, akatoa flashi iliyofungwa uzi mwekundu. "Na wimbo wangu utalia hapa. Mkude aliniimbia siku tuliyomaliza chuo, sauti kama mlango mbovu."

"Umeitoa wapi hiyo?" Semeni akauliza.

"Kwa mumeo!"

Kicheko kikalipuka.

"Nyamizi, nauliza kweli. Umeunakili kutoka wapi huo wimbo?"

"Kwenye simu yangu. Nilimtafuta fundi Tabora nzima, nikampata mwenye kuweza kuutoa kwenye simu akauweka humu. Wewe ulidhani niliutoa kwenye ungo?"

Semeni alipolielewa jibu, flashi ilikuwa imekwishaingia tunduni.

Angeweza kukiwekea kijaluba kufuli. Mhandisi mwingine yeyote angeweka, kisikubali flashi isiyotambulika. Majirani walimwambia asithubutu. Kufuli kwenye kitu cha mtaa, siku ya msiba, ni kumwambia mtu aliyekuja kulia nawe kwamba asimame nje kwanza apekuliwe. Naye aliwasikiliza, kwa sababu alikuwa mtoto wa palepale.

Wimbo ukaanza. Mkude kijana, anaimba vibaya, anacheka katikati. Watu wakafuta macho. Na kwenye kioo cha ukutani, ndani ya lile anga tupu la siku ya bwawa, tone moja likaanguka.

Kisha jingine.

"Hee," akasema mtu nyuma, "mbona kama inanyesha?"

"Chomoa!" Semeni akapiga kelele. "Nyamizi, chomoa hiyo flashi!"

Nyamizi akafungua mikono kwa furaha. "Haya! Dada mtu kaamka! Mwimbieni, mfiwa anacheza!" Watu wakapiga makofi. Semeni akaruka kumfuata. Nyamizi akakikumbatia kijaluba kifuani, akazunguka nguzo, waya zikiburuzika, buti za kiume zikigonga sakafu.

"Nipe! Si utani!"

"Msikieni! Mluguru anasema si utani! Sasa ni nini, ndoa?"

Vicheko vilizidi. Wazee wawili walishikana mabega wasianguke. Kadiri Semeni alivyolia ndivyo walivyomshangilia, maana mfiwa anayemfukuza mtani ndiyo mchezo wenyewe. Kwenye kioo, mawingu yalikuwa yameziba jua. Maji yalichirizika kwenye mikono ya Mkude. Kila flashi iliyokuwa tunduni taa yake ilipepesa haraka, ikiandikwa upya.

"Nisaidieni! Mshikeni!"

"Mshike mwenyewe, Semeni, una miguu mirefu!"

Na hapo sauti ya Mkude ikatoka kwenye kioo, safi, haina upepo, haina kelele za mitambo.

"Kibwe kuna..." Ikakwama. Ikarudi. "Kibwe... Nimekosea. Nimefungua lango bila amri. Kosa ni langu."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Mama Chande alisimama taratibu.

"Huyo si Mkude," alisema.

Semeni akampiga Nyamizi. Alimpiga kwa mkono wazi, mdomoni, kwa nguvu zake zote, na mtani alipoyumba alikipokonya kijaluba akang'oa flashi zote na waya zote kwa pamoja. Taa ya kijani ikazimika. Kioo kikawa cheusi.

Hapakuwa na mtu mle ndani aliyewahi kuona mtani akipigwa msibani. Hapakuwa na mtu aliyewahi hata kusikia.

"Umenipiga," Nyamizi akasema. Damu ilikuwa inatengeneza mstari kwenye majivu.

"Nimekupiga."

"Kwenye tanga la Mkude."

"Simu yako inatoa vitu Ghalani. Wimbo umekuja na Nadhifu ndani yake. Amekula rekodi." Semeni alikuwa anahema. "Ile ya bwawa. Ameitia mvua."

Nyamizi alimtazama bila kuelewa. "Ameitia vipi? Mvua si ilinyesha? Mimi nilikuwepo siku ile. Nimeiona kwa macho yangu."

Minong'ono ikapita chumbani. Semeni akamsogelea.

"Uliiona ukiwa wapi?"

"Kwa Mkude. Nilikuja kumsalimia, akaenda zamu, nikabaki. Nina video yake, nakuonyesha sasa hivi..."

"Acha video. Ulibaki unafanya nini?"

"Nilikuwa na..." Akakunja uso. "Alikuwa na mchele umeingia wadudu. Nilimtukana kwanza. Kisha nikautandaza uani kwenye mkeka, nikawa naugeuza kwa miguu, u..."

"Ukauke," Mama Chande akammalizia.

Nyamizi aliketi sakafuni na zile buti zake. Akaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. "Mkeka ulikuwa unachoma," akasema. "Nilikuwa narukaruka. Mkude aliporudi kuchukua kofia alinicheka." Akajipangusa damu kwa kiganja. "Wameniingilia kichwani, Semeni. Nikiwa nimelala kitandani na simu, nacheka na picha zake. Wamenifutia jua."

Hiyo ndiyo kazi ya Ghala, na usijidanganye kwamba ni ya Nyamizi peke yake. Haliitaki picha yako. Picha haina kazi. Linakutaka wewe useme "ilinyesha" mbele ya Baraza, uape, na uwe unasema kweli ya moyoni mwako.

Semeni alizikagua flashi kwenye kifaa kidogo kisicho na mtandao. Nakala zote zilikuwa zimenyeshewa. Flashi ya kofiani ilikuwa nusu kwa nusu: jua mwanzoni, tufani mwishoni, na katikati ungamo la uongo kwa sauti ya ndugu yake. Baraza lingeitazama mara moja na kuiita ya kughushi. Na Nadhifu alikuwa amekwishatia mizizi ndani ya kijaluba. Chochote ambacho kingechomekwa humo kingenyesha.

"Kinaweza kupona?" aliuliza Mama Chande.

"Kikifutwa chote."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya chote. Tumboni mwa kijaluba mlikuwa na harusi za mtaa, nyimbo za shule, mahubiri, sauti za watu waliozikwa kabla hata ya mafuriko. Miaka ya Kibwe.

"Na Chande?"

"Kwenye kisanduku anaondoka. Kwenye flashi yako yumo, tuliiwahi. Lakini ukiichomeka tena mahali popote, Nadhifu yumo naye. Ataendelea alipoachia. Siku ile alikuwa anakimbiza kuku juani. Atamlowesha."

Mama Chande aliichukua flashi yake kutoka kwenye lundo, akaifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo.

"Mwanangu asilowe tena," alisema. "Sitaichomeka. Futa."

Semeni akafuta. Watu walisimama, wanaume wakavua kofia, kama vile jeneza linatolewa.

Kikabaki kisanduku kitupu, safi, na rekodi ya kuweka hakuna. Hapo ndipo Nyamizi, bado yuko sakafuni, aliponyanyua kichwa.

"Wale wa mteremkoni," alisema. "Siku ile walisimama barazani kwao, wamenyanyua zile kamera za kale wanazozitafuta minadani, zenye flashi ndani. Ndiyo fasheni yao. Niliwapungia mkono, nikadhani wananisalimia. Walikuwa wanalipiga picha lango."

"Hawatatufungulia," Semeni akasema.

"Mimi ni mtani. Nitawatukana mpaka wafungue." Akajinyanyua, akamshika Semeni kidevu, akamtazama usoni kwa ukali. "Na wewe jogoo wako wawili sasa. Mmoja wa kijaluba, mmoja wa mdomo wangu."

Walipanda mlima jua likiwa bado liko juu ya milima. Semeni alibeba kijaluba na betri yake ndani ya kikapu. Nyamizi alitangulia, mdomo umevimba, majivu yamechanganyika na damu. Geti la kwanza, mlinzi wa chuma alisema wenyewe hawapo, na nyuma yake mtu akaonekana akizima taa. La pili, sauti ya mwanamume ilisema kwenye spika kwamba Ghala limekwisha kueleza, ilikuwa mvua. "Mvua ya mate ya mamako!" Nyamizi akamjibu. "Toka nje niguse nywele zako, tuone kama zimekauka!" La tatu, bibi mmoja alifungua, akasikiliza, akalia, akasema kamera yake aliiunganisha na simu jana tu ili aone picha vizuri. Wakaitazama pamoja. Ilikuwa inanyesha.

Wameendelea. Sasa hivi, unaposoma hapa, wanapanda ngazi zako.

Najua unachotaka kufanya. Unataka kwanza uichomeke mahali flashi ya ile kamera uliyoinyanyua siku ile, uhakikishe kama kweli jua lilikuwepo. Usithubutu. Ukiichungulia tu kupitia kwa Ghala, umeimaliza, na Baraza litakaa asubuhi likiwa na mvua tupu, na Kibwe itabomolewa mchana, na utakuwa umesaidia. Jua unalikumbuka. Hilo linatosha.

Itoe flashi kwenye kamera. Ishike kiganjani, usimpe mtu, usimpe mashine. Nenda mlangoni. Yule anayekutukana kwa nje ana mdomo uliovimba na ana haki ya kukutukana. Yule wa nyuma yake ana kikapu. Huyo ndiye Semeni, iweke flashi mkononi mwake. Kisha mwambie jirani yako afanye hivyo hivyo, na akikataa, simama getini kwake na Nyamizi, mtukane naye.

Umeshika nini hapo, bado unasoma? Inuka. Fungua.